SOMO: Mara ya kwanza Saint Petersburg. Someni huu uzi kabla ya kuniuliza

Wadau, kila Mei ikikaribia inboksi yangu inajaa maswali yaleyale: kadi itakubali? Laini napata wapi? Kuna baridi? Nimechoka kuandika jibu moja kwa watu ishirini. Nayaweka yote hapa, na kuanzia leo ukiniuliza nakutumia huu uzi.

1. Viza. Ubalozini, mapema. Basi.

2. Saa. Usiiguse. Urusi iliacha kubadili majira mwaka 2011, na tangu 2014 Piter (wenyewe wanauita hivyo mji wao) inakwenda sawa na Dar, Nairobi na Kampala. Wa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi mnasogeza saa moja mbele.

3. Pesa. Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi tangu Machi 2022. Si dukani, si kwenye ATM, si kwenye teksi. Njoo na keshi, dola au yuro, noti safi zisizo na muhuri wala mkunjo mbaya, kwa sababu mtu wa dirishani anaikagua noti kama anaitafutia posa. Badilisha benki. Anayekufuata nje ya benki na bei nzuri zaidi, mwache na bei yake. Bajeti yote ya safari unakuwa nayo mwilini, kwa hiyo igawe sehemu tatu, na malazi yalipe kabla kama kuna njia.

4. Simu. Tangu Januari 2025 mgeni hanunui laini kwa kuonyesha pasipoti tu. Kuna kusajiliwa alama za mwili na akaunti ya serikali. Kwa anayekuja wiki moja haina maana kuhangaika. Njoo na laini yako yenye rominga, ukijua kwamba tangu Oktoba 2025 laini ya nje inanyimwa data saa 24 za mwanzo ikishaingia nchini. Kwa hiyo ramani pakua ukiwa bado nyumbani: 2GIS au Yandex Maps. Anwani ya unakolala iandike kwenye karatasi kwa herufi za Kirusi. Facebook na Instagram zimefungwa, waageni watu mapema.

5. Kutoka uwanja wa Pulkovo. Basi namba 39 au 39Э mpaka kituo cha metro Moskovskaya. Waliokwama na mizigo, teksi ya Yandex Go, mlipe dereva keshi.

6. Usajili. Hoteli wanakusajili wenyewe. Ukifikia kwa rafiki au nyumba ya kupanga, mwenyeji ndiye anayepaswa kukusajili ndani ya siku saba za kazi. Muulize KABLA hujalipa. Akianza kujiumauma, tafuta kwingine. Karatasi ya usajili na kadi ya uhamiaji uliyopewa mpakani zikae ndani ya pasipoti, na pasipoti ikae nawe.

7. Herufi. Jifunze alfabeti kwenye ndege, ni kazi ya jioni moja. Zinazodanganya ni zile zinazofanana na zetu: B ni V, H ni N, P ni R, C ni S, У ni U, X ni H nzito ya kooni. Ukishazijua hizo, KACCA unasoma "kassa", mahali pa kulipia, na БАР (Б ndiyo B yetu) unajua ni baa, uingie au upite mbali. ВХОД ni kuingia, ВЫХОД ni kutoka.

8. Metro. Nunua kadi inaitwa Podorozhnik pale kassa, weka pesa. Hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wanapotea.

Metro hii iko chini sana, maana mji umejengwa juu ya tope la mdomo wa mto Neva. Admiralteyskaya ina kina cha mita 86. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, wenye haraka wanapita kushoto. Halafu Moskovskaya, kituo chako cha kwanza kabisa, huoni reli wala treni! Unaona ukumbi wenye milango ya chuma ukutani, unadhani ni lifti. Treni iko nyuma ya ukuta. Ikifika, milango yote miwili inafunguka kwa pamoja. Vituo vya aina hii viko kadhaa, na ukiwa ndani ya treni huoni jina la kituo, kwa hiyo hesabu vituo au sikiliza tangazo.

La pili: vituo karibu vyote vya kubadilishia laini vina majina tofauti kwa kila laini. Unashuka Nevsky Prospekt ya laini ya bluu, unatembea chini kwa chini, unatokea Gostiny Dvor ya laini ya kijani. Ni palepale. Usipande juu barabarani kuitafuta.

9. MADARAJA. Hapa ndipo mimi nilipochemka, na ndipo nitakapoandika sana.

Mji uko juu ya visiwa. Kuanzia Aprili hivi mpaka Novemba, kila usiku madaraja makubwa ya Neva yanainuliwa ili meli za mizigo zipite. Yakishainuliwa hakuna gari wala mtembea kwa miguu. Metro nayo imeshafungwa tangu saa sita usiku, na inafunguliwa karibu saa kumi na mbili asubuhi. Daraja la Dvortsovy, lile la kwenye picha zote, kwa kawaida linainuliwa saa saba na dakika kumi usiku, linashushwa saa tisa kasoro dakika kumi, linainuliwa tena saa tisa na dakika kumi mpaka saa kumi na moja kasoro. Ratiba hubadilika, na usiku wa sikukuu ndiyo kabisa, kwa hiyo itazame siku ileile.

Utasema, mtu mzima anashindwaje kuangalia saa? Anashindwa, kwa sababu ya mwanga. Mwezi Juni jua linazama kama saa nne na nusu usiku na kuchomoza saa tisa na nusu, na katikati hapo giza halishiki. Mwili unakuambia bado ni magharibi. Watu wamejaa kando ya mto, muziki, watoto wanakimbia. Nilikuwa nalala kisiwa cha Vasilievsky, nikaenda kutazama daraja likiinuka nikiwa upande wa pili, karibu na Jumba la Majira ya Baridi. Lilipendeza sana. Kisha nikageuka kwenda kulala, na njia yenyewe ndiyo ile iliyosimama hewani. Upepo wa Neva saa nane usiku hauna habari kwamba ni Juni.

Kwa hiyo shikeni haya:
- Tazama daraja ukiwa upande UNAOLALA. Hili likikukaa, mengine yote ya hapa unaweza kusahau.
- Kutafuta chumba Vasilievsky kwa sababu ni bei nafuu ni sawa, ila jua unanunua na hilo.
- Ukikwama, teksi inaweza kukufikisha Vasilievsky kwa barabara ya kulipia ya ZSD, ambayo haifungwi. Ni mzunguko na saa hizo bei inapanda. Kwenda upande wa mashariki kuna daraja la Bolshoy Obukhovsky, nalo haliinuliwi, ila liko mbali.
- Pale daraja linaposhushwa katikati ya usiku ni dakika ishirini tu. Ukiitegemea hiyo, simama pale kabla.

10. Makoti. Makumbusho, ukumbi wa maigizo, hata baadhi ya migahawa, koti unaliacha mlangoni. Shona kitanzi cha kutundikia kwenye ukosi, la sivyo utasemwa na bibi wa pale na hutaelewa unasemwa nini.

Nawasilisha. Maswali karibuni, ya waliosoma.

---

kobe_mwendo: Mkuu somo zuri. Mimi nina Visa ya dola siyo ya shilingi, hiyo itakubali?

Mwandishi: Namba 3.

kobe_mwendo: Nimesoma ila hii yangu ni ya benki kubwa ya kimataifa.

Mwandishi: Hata ingekuwa ya benki ya mbinguni. Namba 3.

TaaYaUjiji: Kwa hiyo daraja linainuka saa moja na dakika kumi usiku? Mbona mapema hivyo, watu watakula saa ngapi?

Mwandishi: Nimeandika saa SABA. Kwenye ratiba yao utakuta 01:10.

Bint_Mkunazini: Kaka, shukrani. Nina swali la sisi waislamu: kuna msikiti, na huo usiku usio na giza swala zinakwendaje?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Msikiti upo, tena mkubwa, shuka metro Gorkovskaya utauona. Ulianza kuswaliwa 1913, na kuba lake la buluu limefuata lile la Gur-e-Amir, kaburi la Timur kule Samarkand. Nyakati za swala usipige hesabu mwenyewe wala usiamini programu ya simu uliyokuja nayo. Fuata ratiba ya msikiti, maana isha na alfajiri zinakaribiana mno. Chakula halali ni rahisi kuliko unavyodhani: tafuta vikahawa vya Wauzbeki. Wana plov, wali wa nyama, karoti na bizari nyembamba. Wewe wa Unguja utaujua ni ndugu wa pilau hata kabla hujaonja.

Bint_Mkunazini: Mashallah. Na kuvua viatu majumbani?

Mwandishi: Lazima, kama kwetu. Mwenyeji atakupa ndara.

mzee_wa_Kitale: Niaje ndugu. Nitaenda na kijana wangu anaanza chuo huko. Watu wa huko ni wabaguzi ama ni maneno tu?

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Sitakudanganya. Mtatazamwa, mwingine ataomba picha, na polisi wanaweza kuomba karatasi. Ndiyo maana nimesisitiza namba 6. Kununa kwa watu kusiwatishe, hapa mtu hamchekei asiyemjua wala hamsalimii kwenye lifti, hata Mrusi mwenzake. Ila ubaya upo. Kijana asizoee kurudi peke yake usiku wa manane kwenye mitaa ya pembeni, na akiona kundi la walevi avuke barabara. Chuoni awatafute wanafunzi wa Afrika Mashariki wiki ya kwanza, asingoje apate shida.

mzee_wa_Kitale: Marahaba. Na ugali?

samaki_mkavu: Nidakie hilo. Wengi wetu tunasonga kwa semolina, wanaiita "manka", iko kila duka. Inalainika haraka, punguza maji.

Mwandishi: Unga wa mahindi pia upo, ila ni wa njano. Sukuma hakuna, kabichi mtaipenda kwa nguvu.

jicho_la_pili: Ni kweli Pushkin, yule mshairi wao mkubwa, alikuwa mweusi?

Mwandishi: Babu wa mama yake, Abram Gannibal, aliletwa kutoka Afrika akiwa mtoto, akalelewa na mfalme Peter, yuleyule aliyeanzisha mji huu mwaka 1703, akapanda mpaka cheo cha jenerali. Alizaliwa sehemu gani, wasomi bado wanavutana, wengine wanasema pande za Ethiopia, wengine karibu na Ziwa Chad. Nenda Moika 12, ni nyumba aliyofia Pushkin mwaka 1837 baada ya kupigwa risasi kwenye pambano. Ni vyumba vichache tu, na mimi naona panakaa moyoni kuliko yale makumbusho makubwa ya Hermitage.

jicho_la_pili: Hermitage nimepanga Jumatatu.

Mwandishi: Jumatatu wamefunga.

kobe_mwendo: Mkuu samahani, na Mastercard?

samaki_mkavu: 😂😂

Bint_Mkunazini: Nikija Desemba badala ya Juni je? Nauli imeshuka.

Mwandishi: Madaraja hayatakusumbua, lakini jua linatoka saa nne asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Panga ya nje yawe mchana, makumbusho jioni. Viatu nunua hukuhuku, vya kwetu soli inateleza. Na ukitembea kando ya majengo tazama juu: barafu huanguka kutoka mapaani. Ukiona utepe umezungushwa njiani, zunguka nao hata kama wenyeji wanaruka.