Wakikwambia "ya estará" usipande basi: wakati ujao wa Kihispania kwa wanaoanza

Wadogo zangu mlioko Hispania na nyie mnaojipanga kuja, hasa wa kwetu Mwanza mnaoniuliza kila siku WhatsApp "kaka nianze na nini", leo tuongelee wakati ujao, yaani nitakuja, nitalipa, nitapiga simu. Darasani ni somo la nusu saa. Dirishani ofisini ni habari nyingine kabisa, mimi lilinigharimu siku ya kazi, nauli na apointimenti.

Ya darasani tumalize haraka. Njia ya kwanza ni voy, vas, va, vamos, vais, van (mimi, wewe, yeye, sisi, nyie, wao), halafu "a", halafu kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi: voy a pagar, nitalipa. Hiyo "a" msiimeze. Njia ya pili unachukua kitenzi kizima unakibandika mkia: é, ás, á, emos, éis, án. Pagaré, pagarás, pagará. Mkia ni huo huo kwa vitenzi vyote, kiishie na -ar, -er au -ir, ila kuna vikorofi vichache vinavyobadilika shina, tener (kuwa na) ni tendré, venir (kuja) ni vendré, salir (kutoka) ni saldré, poder (kuweza) ni podré, hacer (kufanya) ni haré, decir (kusema) ni diré, hivyo kariri tu. Kukataa weka "no" mbele basi, hakuna mambo ya nita kugeuka sita. Kwa kuongea mtaani njia ya kwanza inakutosha muda mrefu sana. Ya pili unatakiwa uielewe ukiisikia, na shimo liko hapo.

Nilikuwa nimeshachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kadi ya ukaazi, ninacho kile kikaratasi cha kusubiria, wao wanakiita resguardo. Muda walioniambia ukapita nikaenda kuuliza. Dada wa mapokezi hata kompyuta hakuigusa, kikaratasi akakigeuza mara moja, akakisukuma chini ya kioo, "ya estará, pásese el jueves". Mimi nikasikia itakuwa tayari, pita Alhamisi. Nikaomba ruhusa kwa bosi, siku bila malipo maana sisi tunaofungasha pilipili hoho huku Almería usipoingia hulipwi, nikapanda basi la alfajiri. Kadi hakuna. Na ili nirudi natakiwa kuomba apointimenti upya mtandaoni, na hizo mnazijua, zinaisha hujamaliza kuandika namba yako, mpaka watu wananunua kwa wajanja kitu ambacho ni cha bure.

Sasa sikilizeni. Yule dada kwa Kihispania chake hakusema uongo. Hizi será, estará, tendrá, habrá mara nyingi siyo ahadi ya kesho, ni kukisia mambo ya leo. "Estará en casa" ni atakuwa nyumbani. "Serán las tres", itakuwa saa tisa, huyo hajaangalia saa. "Tendrá cuarenta años", atakuwa na miaka arobaini, cheti chake cha kuzaliwa hajakiona. Na sisi tunaongea hivyohivyo! Ukiuliza pale Kirumba fulani yuko wapi, mtu akakujibu "atakuwa ameshavuka na kivuko cha Kamanga", utamfuata Sengerema kwa neno hilo? Huwezi. Unajua anabahatisha. Lakini Mhispania akisema kitu kilekile tunapanda basi, kwa sababu mwalimu na aplikesheni ya kwenye simu wametufundisha kwamba ule mkia ni "nita" na habari imeishia hapo.

Kwa hiyo ukisikia estará, usiondoke dirishani. Uliza: "¿Está o estará?" Ipo, au itakuwa ipo? Akisema está, sawa. Akirudia estará, tabasamu na mwambie "¿me lo puede mirar, por favor?", aangalie kwenye kompyuta ukiwa umesimama palepale. Atavuta pumzi kwa nguvu, mwache avute. Narudia tena, estará siyo está, usikate tiketi ya basi kwa ajili ya estará.

Ndugu yake wa pili ni "ya te llamaremos", tutakupigia. Ukiisikia mwisho wa intavyuu, endelea kutafuta kazi siku hiyohiyo. Mwenye nia ataongea kwa wakati uliopo na atataja siku: "te llamo mañana", nakupigia kesho, "empiezas el lunes", unaanza Jumatatu. Huku jambo la uhakika la kesho wanalisema kama la leo, na lile lenye mkia mrefu la "ya veremos", yaani tutaona, ni hapana iliyopakwa mafuta. Mama mdogo wangu pale Igoma nilimwambia tu nimefanya intavyuu wamesema watanipigia, jioni ukoo mzima unajua nimepata kazi, na binamu ameshaulizia mashine ya boti. Mama mdogo nakupenda, ila ukiambiwa "watapiga" usitangaze mpaka nikwambie wameshapiga.

Hawa watu siyo wabaya lakini. Watakusalimia kwenye lifti, na foleni wanaipanga kwa mdomo, unafika unauliza "¿quién es el último?", nani wa mwisho, unamjua aliye mbele yako, imeisha, hakuna mlinzi wala kusukumana. Ila hapana ya usoni inawashinda kama inavyotushinda sisi. Na sangara wetu wanamla vizuri tu, dukani ameandikwa perca del Nilo, na kuna migahawa inamuuza kwa jina la mero, samaki mwingine wa bei kubwa, na bei ya mero. Hayo tuyaache.

Kuna shimo jingine ambalo Kiswahili chenyewe kinatusukumia. "Nitakapofika" ina ta ndani yake, ndiyo maana wengi wetu tunasema "cuando llegaré". Hapana. Ni "cuando llegue te llamo", nikifika nakupigia. Baada ya cuando ya namna hiyo ule mkia hauingii: cuando venga (nikija), cuando tenga (nikiwa na), cuando pueda (nikiweza). Ukiwa unauliza swali ndiyo unaruhusiwa, ¿cuándo llegarás? Na "si" ya Kihispania, ile ya kusema "kama", vilevile haipokei mkia, "si vienes", siyo "si vendrás", na hapo Kiswahili kinakusaidia kwa sababu "ukija" haina ta. Halafu mwenye nyumba akikuandikia "te devuelvo la fianza cuando pueda", nakurudishia amana ya nyumba nikiweza, ujue hiyo pueda haina tarehe, mwombe tarehe kwa maandishi kabla hujamrudishia funguo.

Mwisho ni vile vialama vya juu. Pagará ni atalipa. Pagara bila alama ni kitu kingine, cha kwenye "kama angelipa". Wahispania wenyewe kwenye meseji hawaziweki, wanaelewana, wewe weka, maana uraia wa huku sisi Watanzania tunausubiri miaka 10 wakati Mfilipino na Mkolombia wanasubiri 2, na kabla ya kuomba kuna mtihani wa Kihispania unaoitwa DELE A2 ambao una sehemu ya kuandika. Kwenye simu bonyeza herufi a bila kuachia, á inatokea juu.