Somo: Kulinganisha valvu za pawa kwenye amplifaya ya gita bila kudanganywa na sikio

Wapiga gita wengi hapa Nairobi huuliza ipi kali kati ya EL34 na 6L6, aina mbili za valvu za pawa (zile chupa za kioo zinazokuza sauti kabla haijafika kwenye spika), au kama kampuni hii inaishinda ile. Shida ni kwamba mtu hubadilisha valvu, anasikia tofauti, kumbe haikutoka kwenye valvu. Imetoka kwenye bayasi (mpangilio unaoamua mkondo unaopita ndani ya valvu), au sauti imepanda kidogo tu, na sikio hupenda kile kinacholia kwa nguvu zaidi. Ukiweka hayo mawili sawa, ndipo unalinganisha valvu. Kabla ya hapo unapoteza pesa.

Tahadhari kwanza. Ndani ya amplifaya hizi mna volti 400 na zaidi, na kapasita (vipande vinavyohifadhi stima) hubaki na stima hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama hujazoea kazi hiyo, hatua ya tatu mpe fundi anayejua valvu. Na usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Hatua ya 1: Jua soketi yako inataka nini. EL84 ina pini 9 nyembamba, haiingii soketi ya pini 8. EL34, 6L6 na 6V6 zote zina pini 8 na zinaingia soketi moja, na hapo ndipo watu huumia. Hita (waya unaopasha valvu moto kutoka ndani) ya EL34 moja hula ampia 1.5, ya 6L6GC 0.9, ya 6V6 0.45 tu. Kuingia kwenye soketi si ruhusa ya kuwashwa.

Hatua ya 2: Pima stima ya ukutani. Kwa kawaida ni volti 240, lakini mitaa mingi hushuka saa za jioni watu wakipika. Ikishuka, volti za anodi (ile sahani ya kijivu ndani ya valvu) na za hita zinashuka nayo, na valvu ile ile inabadilika sauti. Linganisha saa ambazo mita inaonyesha namba zinazokaribiana. Amplifaya ya Marekani ya volti 120 iendeshwe kwa transfoma ya kushusha yenye wati za kutosha.

Hatua ya 3: Weka bayasi. Bayasi ndiyo huamua mkondo unaopita kwenye valvu wakati hujagusa nyuzi. Ukiwa mdogo mno, sauti inakuwa kavu na yenye makwaruzo; ukizidi, valvu inaungua. Kwa amplifaya zenye bayasi ya kurekebishwa, mafundi wengi hawavuki asilimia 70 ya uwezo wa valvu. EL34 ina uwezo wa wati 25, kwa hiyo wati 17.5. Ukipima anodi ukapata volti 450, gawanya wati hizo kwa volti: miliampia 39 kwa kila valvu. 6L6GC ni wati 30, asilimia 70 ni 21, kwa volti zile zile unapata karibu miliampia 47. Kama kuna rezista (kipande kinachozuia mkondo) ya omu 1 kati ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa mkondo) na ardhi, kila milivolti unayosoma juu yake ni miliampia moja. Acha amplifaya ipate moto vizuri, pima, rekebisha, kisha pima anodi tena, maana volti zake nazo zitakuwa zimehama.

Ukizima taa utaona mwanga wa buluu ukicheza ndani ya kioo. Huo ni wa kawaida. Lakini ile sahani ya kijivu katikati ikianza kuiva nyekundu, zima hapo hapo.

Hatua ya 4: Rekodi. Kubadilisha valvu huchukua muda, lazima zipoe, na sikio halikumbuki sauti ya nusu saa iliyopita. Tumia pedali ya lupu: piga kipande kimoja mara moja, kisha kila seti ichezewe kipande hicho hicho. Maikrofoni isisogee; bandika tepu sakafuni ilipo. Vitufe vyote viachwe pale pale. Kwenye kompyuta sawazisha ukubwa wa sauti, kisha mwenzako akuchezee bila kukuambia ipi ni ipi.

Kwa sikio langu, EL34 inasukuma sauti za katikati na inauma ukizidisha. 6L6 ni safi, besi pana, juu inang'aa; nadhani ndiyo inayolifaa gita la benga, ambako kila noti lazima isikike ikiwa peke yake. EL84 hukwaruza mapema. Lakini kati ya EL34 za kampuni mbili, bayasi ikiwa sawa, tofauti hupungua sana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ya kwetu kanisani Kayole ina EL84 nne na sioni skrubu ya bayasi.*
Baadhi hujirekebisha zenyewe kupitia rezista ya kathodi, kama Vox AC30. Nyingine bayasi imefungwa kiwandani. Mwombe fundi aangalie ni ipi. Kwa zote mbili, nunua valvu zilizopimwa pamoja zikalingana.

*Naweza kutoa 6L6 nikatia EL34?*
Si kabla ya fundi kuthibitisha mambo matatu, ndugu yangu: transfoma inayolisha hita ihimili ampia 0.6 zaidi kwa kila valvu, pini ya 1 iunganishwe na ya 8 na isiwe inatumika kwa kazi nyingine, na bayasi ifike kiwango cha EL34.

*Valvu moja kati ya mbili inaiva nyekundu. Ninunue jozi mpya?*
Bado. Zima, ngoja zipoe, zibadilishane nafasi, kisha washa kwa muda mfupi ukiwa unaziangalia. Wekundu ukiifuata valvu, valvu imekufa. Ukibaki kwenye soketi ile ile, tatizo liko kwenye amplifaya: mara nyingi ni kapasita inayovujisha stima kuingia gridi (sehemu ya valvu inayodhibiti mkondo), au bayasi haifiki pini ya 5, ambayo ndiyo ya gridi. Hapo jozi mpya nayo itaungua, kwa hiyo ipeleke kwa fundi kwanza.