Nati za tairi: zijaribu kwa vidole

Fundi akikaza nati kwa mashine ya upepo hadi mwisho, stadi (bolti yenye nyuzi ambayo nati hufungwa juu yake) huvutika, na kwa macho huoni kitu. Siku gari likiwa juu ya jeki, fungua nati, safisha nyuzi za stadi kwa brashi ya waya, kisha rudisha nati kwa vidole tu. Inatakiwa izunguke laini mpaka ndani. Ikigoma katikati, tafadhali usiilazimishe kwa spana: nyuzi zimeshavutika hapo. Badilisha stadi na nati yake. Tazama pia uso wa nati unaokalia rimu, kama umelika au una ufa. Toyota Corolla nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya Nm (newton-mita) 103 tu, basi mwombe fundi amalizie kwa spana ya kupimia nguvu hiyo. Grisi usipake, hufanya stadi ivutike zaidi kwa kipimo kilekile.