Somo: Kufika dakika unayoitaka kwenye Audacity bila kubahatisha

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Nina rekodi ya saa mbili, nimeambiwa nikate kuanzia 14:35, nafikaje hapo?" Naandika leo, atakayeuliza tena namleta hapa. Ni Audacity (programu ya kuhariri sauti) toleo la 3, Windows au Linux.

1. Fungua faili, subiri liingie lote.

2. Bonyeza Home. Kishale, yaani mstari unaoonyesha ulipo kwenye sauti, kinarudi sifuri. Usiruke hatua hii.

3. Chini, kando ya tarakimu za muda, kuna kipembetatu. Kibofye uchague mpangilio wa hh:mm:ss (saa, dakika, sekunde).

4. Bofya tarakimu ya kwanza ya kisanduku cha kushoto, andika 001435. Hapa ndipo kazi za watu zinapofia. Visanduku ni viwili, cha mwanzo na cha mwisho. Kama kishale kilikuwa dakika ya 40 na hukubonyeza Home, ukiandika 14:35 upande wa mwanzo, mwisho unabaki pale pale 40. Maana yake umechagua dakika 25 na ushee za sauti. Ukigusa Delete, zote zimekwenda. Kabla ya kufuta chochote tazama kama kuna eneo lililobadilika rangi. Ukishafuta kwa bahati mbaya, Ctrl+Z haraka, na usihifadhi kwanza.

5. Space uanze kusikiliza. Ukifika penyewe bonyeza X, siyo Space. Space inasimamisha na kukurudisha ulipoanzia. X inakiacha kishale hapo ulipoishia.

6. Mkato na nukta kwenye kibodi zinakisogeza sekunde moja nyuma au mbele. Ukishika na Shift, sekunde 15. Ctrl+1 inakuza mwonekano.

7. Ctrl+B uweke lebo, yaani alama yenye maneno pale kishale kilipo.

MASWALI

— Mkuu mimi inanipeleka dakika ya 23 na sekunde 55. Hii programu mbovu.

Hatua ya 3 umeiruka. Tarakimu zako zipo kwenye sekunde tupu, na sekunde 1435 ni hapo hapo ilipokupeleka. Programu yako ni nzima.

— Menyu za kuhariri zote zimefifia, Delete haikati.

Umebonyeza pause. Bonyeza stop.

— Nimefuata yote, asante. Ila nina orodha ya vipande kumi vya kukata. Cha kwanza kilikaa sawa, vilivyofuata vyote vinapishana na orodha. Kwa nini?

Swali zuri hili. Ukikata sekunde 30 pale dakika ya 5, kila kilicho mbele kinarudi nyuma sekunde 30, wakati orodha yako iliandikwa kwa rekodi nzima. Anza kukata kipande cha mwisho, urudi nyuma hadi cha kwanza. Hapo muda wa vilivyobaki hauguswi. Au weka lebo zote kabla ya kukata, kisha washa Sync-Lock kwenye menyu ya Tracks ili lebo zisogee pamoja na sauti.

— Simu inaonyesha dakika tofauti na Audacity, faili ni lile lile la mp3.

Huenda mp3 hiyo ina kiwango cha data kinachopanda na kushuka. Baadhi ya vichezeshi hukadiria muda wa faili la namna hiyo. Audacity inalifungua lote, kwa hiyo amini ya kwake. Mwambie anayekuandalia orodha asikilizie kwenye Audacity pia.

— Mimi mahojiano marefu nasikiliza mfululizo, kila penye jambo napiga Ctrl+M, naandika neno, Enter. Sauti haisimami.

Hiyo nzuri kuliko ya kwangu kwa kazi ndefu. Lebo hizo unaweza kuzitoa kama faili la maandishi ukamtumia mhariri, ila muda humo uko kwa sekunde. Mgawie kwa 60 mwenyewe kabla hajakupigia simu.

— Kwa simu inawezekana?

Nimeandika Windows au Linux.