Umeumia kwenye drili gerejini? Barua ya bima inakuja, ijibu

Barua yenyewe haitishi. Inakuja kwenye bahasha nyeupe ya kawaida, wiki kadhaa baada ya matibabu, na ndani yake kuna maswali machache tu: uliumia wapi, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa kazini, kuna mtu mwingine anayehusika? Usipoijibu, bima ya afya inazuia malipo. Ikijibiwa ovyo, bima inakataa kulipa na hospitali inakugeukia wewe. Nawaandikia ndugu zangu mlioko Marekani ambao mna mashine kwenye gereji au chini ya nyumba, kwa sababu mkono wa kijana wangu ulipona mapema sana kabla bili zake hazijamalizika.

Tulikuwa tunatengeneza rafu ya jikoni kwetu hapa Minnesota. Kijana alikuwa anatoboa bati jembamba kwenye drili ya meza, bati kalishika kwa mkono. Biti, kile chuma kinachotoboa, ilipotokeza upande wa pili ililinasa bati, likazunguka nayo na kumchana kiganja. Mjomba wake akamkimbiza hospitali. Pale mezani pa kujiandikisha wakauliza kama mgonjwa ameumia kazini, na mjomba, kwa nia njema kabisa, akajibu ndiyo, alikuwa anafanya kazi na baba yake.

Huko nyumbani nani angembishia? Hapa swali hilo linatafuta jambo moja tu: je, kuna mwajiri ambaye bima yake ya wafanyakazi ndiyo inayotakiwa kulipa? Likijibiwa ndiyo, bima ya afya inajitoa, maana nyingi hazilipii majeraha ya kazini. Na mwajiri hayupo! Kuna baba, mtoto na rafu ya sufuria. Barua ya maswali ilipofika, shangazi aliyekuwa anatuangalizia nyumba akaiweka pamoja na matangazo ya pizza. Simlaumu. Ila shangazi zangu na wajomba zangu mnaokuja kututembelea, nawaomba sana: mezani pa hospitali msitujibie, na barua yoyote yenye jina la bima msiitupe hata kama inafanana na tangazo.

Narudia, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa mara ya pili. Jibu barua. Jibu kwa ukweli mfupi: ameumia nyumbani, kwenye shughuli ya nyumbani, hakuna mwajiri, hakuna malipo. Usiongeze hadithi. Weka nakala. Karatasi ya maelezo ya malipo inayotoka kwa bima siyo bili, hata ikiandikwa maelfu ya dola; usikimbilie kuilipa. Bima ikikataa, una siku 180 tangu upate taarifa ya kukataliwa kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe. Wakikataa tena, mara nyingi unaweza kudai mapitio ya nje kwa mtu asiye wa kampuni. Sisi rufaa ilitusaidia, lakini ilibidi hospitali irekebishe kwanza yale maneno ya mjomba kwenye kumbukumbu zake, na huko kila dawati linakutuma dawati jingine. Omba marekebisho hayo kwa maandishi. Kwa simu watakuitikia vizuri, kisha hakuna kitakachobadilika.

Mengine kwa ufupi. Mtoto anaweza kubaki kwenye bima yako mpaka atimize miaka 26. Tangu 1986 sheria inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura kukupima na kuituliza hali yako hata kama huna senti, kwa hiyo usikae nyumbani na mkono uliokatika mshipa kwa kuogopa bili. Sheria iliyoanza kutumika 2022 ya kuzuia bili za kushtukiza haigusi gari la wagonjwa la barabarani. Kama jeraha linaruhusu, pelekwa na jirani. Na ukiletewa bili, dai yenye mchanganuo wa kila kitu.

Sasa mashine yenyewe. Aliyepita kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, anajua kutoboa chuma, sina haja ya kumfundisha. Ninachosisitiza ni kile kinachopuuzwa na mafundi wazoefu: usishike kazi kwa mkono. Bati jembamba ndilo baya kuliko yote, kwa sababu biti inapomalizia tundu inauma ukingo na kuvuta. Libane juu ya kipande cha mbao, au tumia jiliwa, kile kifaa cha kubania kazi, lililofungwa kwa bolti kwenye meza ya mashine, na karibu na kumaliza punguza nguvu ya mkono. Pia vua glavu. Watu wengi hudhani glavu ni kinga, lakini kwenye kitu kinachozunguka inanaswa na kuvuta vidole vyote. Pete, saa, mikono mirefu ya shati, nywele ndefu, ncha ya mtandio: vyote viondoe au vifunge. Miwani ya kinga usiivue. Ufunguo wa kukazia biti utoe kabla ya kuwasha, kila mara.

Kasi nayo inadharauliwa. Biti ya milimita 12 kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 800 kwa dakika; ukiiacha kwenye kasi ya mbao itaungua ncha na utaanza kuikandamiza, na hapo ndipo ajali zinapozaliwa. Chomoa waya kwenye soketi, hamisha mkanda kwenye puli, tia alama kwa panchi, weka tone la mafuta.

Kinachonisikitisha katika nchi hii ni upweke wa fundi. Kwetu karakana iko chini ya mwembe au kando ya barabara, na kuna macho mengi, ukikosea kushika, mtu atapiga kelele, "We, zima!" Hapa Minnesota mlango wa gereji umefungwa kwa baridi, jirani hajui hata kama una mashine. Ndiyo maana sitoboi chuma peke yangu. Lakini niwape haki yao: wanaheshimu mafunzo. Karakana nyingi za pamoja hazikuruhusu kugusa mashine mpaka mtu akuelekeze na aone umeelewa, hata kama umefanya ufundi miaka yote. Wengine mnaona ni dharau. Mimi naona ni utaratibu ambao ungeokoa vidole vingi huko kwetu. Minneapolis kuna hata maktaba ya kuazima vifaa vya ufundi, nendeni.

Na ndugu mnaonipigia simu niwatumie drili ya meza iliyotumika, "transfoma tutanunua huku": mashine za hapa ni za volti 120 na hezi 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Transfoma itarekebisha volti. Hezi 50 za huko zitabaki. Mota ya kawaida ya drili ya meza itazunguka taratibu kwa sehemu moja ya sita na itapata joto zaidi. Nauli ya meli itapotea bure. Nunueni ya volti 240 hukohuko.

Limebaki la wale mnaochonga meza au kuchomea mageti kwa pesa gerejini. Kwenu jibu la ile barua haliwezi kuwa langu, na msidanganye, maana tangazo lako la mtandaoni wanaliona. Pigeni simu kwa wakala leo, kabla ya ajali. Ulizeni maswali mawili: bima yangu ya afya inalipa nikiumia kwenye biashara yangu mwenyewe? Bima ya nyumba inamlipia mteja akiumia gerejini kwangu? Mara nyingi bima ya nyumba haibebi dhima ya biashara, na mashine za biashara inazifidia kwa kiwango kidogo. Majibu yao yaombeni kwa barua pepe.