Hujalipwa mshahara wa mwisho? Usingoje ahadi za bosi

Nilifanya kazi stoo moja Njeru, Uganda, kwa miaka mitatu. Bosi aliponiachisha kazi alisema, "Njoo Ijumaa uchukue pesa zako." Nilienda Ijumaa nne. Wewe usingoje hata ya pili.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mwajiri siku 7 tangu kazi ilipoisha awe amekulipa haki zako zote. Zikipita, mwandikie mwajiri barua ya madai, uipeleke wewe mwenyewe, na anayeipokea asaini nakala yako na kuweka tarehe.

Barua isiseme tu "nilipwe pesa zangu." Hapo ndipo nilipoumia. Afisa wa kazi, yule wa serikali anayepokea malalamiko ya wafanyakazi, aliisoma, akaniuliza, "Kiasi gani, na ya nini?" Sikuwa na jibu, nikarudi nyumbani kuhesabu. Kila dai lipe mstari wake: siku ulizofanya kazi bila kulipwa, likizo ambayo hukuchukua (siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi), na malipo ya notisi kama uliachishwa ghafla. Notisi ni wiki 2 ukipita miezi 6 kazini, mwezi 1 ukifikisha mwaka, miezi 2 ukifikisha miaka 5, miezi 3 ukifikisha 10. Angalia pia akaunti yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 uliyokatwa ionekane pamoja na 10 ya mwajiri.

Barua isipoleta pesa, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya ulikofanyia kazi, si unakolala. Mimi nakaa Jinja, nikaenda Jinja, kumbe Njeru, ng'ambo ya daraja tu, ni wilaya ya Buikwe. Siku ikapotea pamoja na nauli. Beba kitambulisho cha taifa na mkataba. Mimi sikuwa na mkataba. Kilichoniokoa ni jumbe za pesa za simu zenye jina la bosi, kila mwisho wa mwezi. Afisa alizisoma moja moja kwenye simu yangu, akaniambia nikazichapishe.

Usiondoke kwa afisa bila muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako ya malalamiko. Siku 90 zinahesabiwa tangu ulipowasilisha malalamiko. Zikiisha bila uamuzi, unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda, inayoamua migogoro ya kazi. Kama unalalamikia pia kufukuzwa bila haki, una miezi 3 tangu siku ya kuachishwa. Ijumaa zangu nne zilikula mwezi mzima hapo.

Bosi akiitwa, huenda akaja na pesa kidogo na karatasi ya kusaini. Tafuta neno "zote" humo. Mwenzangu alisaini kuwa amelipwa haki zote, mkononi ana nusu. Andika kwanza kiasi ulichopokea na kinachobaki, ndipo usaini.