Kampuni ya bima ikiandika sababu isiyo ya kweli: somo kwa wenye nyumba wa Lubumbashi

Mwenye nyumba akikosana na kampuni ya bima, kwa kawaida hukimbilia kugombania fedha, ilhali ugomvi wenyewe umo katika mstari mmoja wa faili, ule unaotaja sababu ya hasara. Upepo wa Desemba ulipong'oa mabati ya nyumba yangu ya kupangisha huko Kampemba, kampuni yangu ilisajili «ukosefu wa matengenezo» badala ya «dhoruba». Fidia ilipunguzwa, lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba maneno hayo yangenifuata kila mkataba unapofanywa upya.

Kwanza, omba kwa barua nakala ya tamko la hasara ulilotia sahihi, ripoti ya mtaalamu aliyekagua, na maneno yaliyosajiliwa. Usikubali maelezo ya mdomo. Linganisha hati hizo neno kwa neno, kwa sababu kosa huenda si la mtaalamu bali la aliyenakili: ripoti yangu ilisema kwamba misumari michache ilikuwa na kutu na kwamba paa liliinuliwa na upepo, na msajili akachukua kutu, akauacha upepo.

Pili, kusanya ushahidi unaohusu sababu tu: risiti ya fundi aliyekarabati paa kabla ya mvua, picha zenye tarehe, na maandishi ya mkuu wa mtaa kuhusu majirani walioezuliwa usiku uleule. Picha za magodoro yaliyolowa, ambazo sisi sote huzipeleka kwa wingi, zinathibitisha hasara, hazithibitishi kilichoileta.

Tatu, andika barua ya kupinga, kwa Kifaransa ikiwa mkataba uko kwa Kifaransa, ukitaja nambari ya mkataba na ya faili, maneno yaliyosajiliwa, maneno unayotaka yawekwe mahali pake, na hati inayounga mkono ombi lako. Peleka nakala mbili, na moja irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo utaambiwa kwamba barua haikufika.

Wakikataa, angalia kama mkataba unakuruhusu kumleta mtaalamu wa pili, na upime gharama yake kabla ya kumwita. Hatua inayofuata ni kuwalalamikia ARCA, mdhibiti wa bima aliyeko Kinshasa, aliyewekwa na sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ileile iliyoumaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali.

Maswali ya wenye nyumba

Mama mmoja wa Katuba: Nimekwisha kutia sahihi hati ya kupokea malipo. Je, nimechelewa?

Jibu: Mama, isome tena. Ikisema kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote, kudai nyongeza kutakuwa kugumu. Lakini kuomba sababu isahihishwe si kudai fedha, kwa hiyo andika.

Papa mmoja wa Ruashi: Paa liling'oka Jumamosi, dari likaanguka Jumatatu, nao wamesajili matukio mawili.

Jibu: Papa, pinga upesi, maana ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe inaweza kukatwa mara mbili. Mwombe mtaalamu aandike kwamba maji yaliyoangusha dari yalipitia palepale paa lilipong'oka, kisha udai faili ziunganishwe.

Swali: Mpangaji wangu anakataa kuandika ushahidi.

Jibu: Anaogopa kubebeshwa lawama. Mwombe aandike saa na alichokiona kwa macho yake tu, na usimwandikie wewe.